Beji na Greda

Hotelini, bondeni
Tarehe 4 Machi

Mume wangu, Bwana Faili,

Salamu zikufikie wewe na mama. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanilaumu. Simu huku bado ni pambo la mfukoni. Mnara wa mawasiliano ulioahidiwa na idara yenu umeshafika kwenye makubaliano, mlimani ndiko haujafika. Kwa hiyo tutaendelea kumtegemea dereva wa lori la mboga na barua zake.

Nina kituko cha kukusimulia, na ukisoma kaa chini kwanza.

Wakaguzi wenu walikuja. Wewe unayajua makubaliano kuliko mimi: serikali inatoa ardhi ya maporomoko na barabara, kampuni inajenga hoteli na kuiendesha, na wenyeji wafundishwe uongozi, wasiishie kwenye ufagio. Sasa huku wenyeji wote tuko kwenye ufagio. Asubuhi ya siku hiyo Meneja akatuita sisi wahudumu wa vyumba, akatugawia mashati meupe na makoti. Mimi msimamizi wa mashuka nikabandikwa beji kifuani: Msaidizi wa Meneja. Mpika chai akawa Mhasibu. Yule mama wa kufulia, ambaye kompyuta anaijua kwa kuipangusa vumbi, akakalishwa mbele yake na kuambiwa abonyezebonyeze ila asiguse kile kitufe kikubwa. Maskini alikaa na mkono mmoja mgongoni ili usije ukamponyoka.

Mimi nikawekwa kwenye ofisi, kwenye kiti cha kuzunguka. Mkaguzi mmoja akaniuliza, kwa heshima kabisa, changamoto yangu kubwa katika uongozi ni ipi. Nikamjibu, "Kiti." Akaandika. Bwana wee, nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka, naye akadhani ni uchungu wa kazi, akanipa pole.

Wakaguzi wakala chakula, wakapiga picha na maji nyuma yao, wakaondoka wameridhika. Sisi tukavua makoti, tukarudi kutandika vitanda vya wageni.

Hili ni la kwetu wawili. Nimekuandikia ucheke, maana najua siku zako huko ofisini zinavyokwenda. Usilitoe nje, wewe unakula huko na mimi nakula huku.

Mkeo,
Bi Mashuka


Nyumbani, mjini
Tarehe 11 Machi

Mke wangu, Bi Mashuka,

Nimecheka mpaka mama akatoka chumbani na fimbo yake kuja kuona nimepatwa na nini. Nikamsomea. Hakucheka. Aliuliza kwa nini hoteli inamvika mke wa mtu koti la mwanamume. Nikamwambia ni la kike. Akauliza nimejuaje. Basi tukaishia hapo.

Na mimi nikulipe kituko kwa kituko. Wakubwa wa kampuni yenu walipokuja kuangalia barabara inavyoendelea, huku idarani tulikuwa roho juu, maana barabara haiendelei popote. Mkurugenzi akaazima greda kutoka kazi nyingine. Likaletwa limepakiwa, likashushwa pale njia panda. Wageni walipotokea, likaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, vumbi likapaa hadi mpiga picha akawa anakohoa na kupiga, anapiga na kukohoa. Wageni wakapeana mikono na Mkurugenzi. Magari yao yalipokata kona tu, greda likapakiwa tena likaenda zake. Mimi nasema barabara yetu hii inatengenezwa kwenye picha. Usimwambie mtu, nitafukuzwa kazi na mama atasema ni wewe.

Hebu nikuulize, kwa udadisi tu. Siku ile ya wakaguzi ilikuwa tarehe ngapi hasa? Mashati yalitoka wapi? Yalinunuliwa na kampuni au yaliazimwa? Na beji zilirudishwa, au mnazo? Waliovikwa ni wangapi, na wengine walipewa vyeo gani? Niandikie kwa kirefu, nimependa sana unavyosimulia.

Habari za ofisini si nyingi. Mkurugenzi anahamishiwa wizarani, kiti chake kitakuwa wazi. Sasa kila mtu anatembea kwenye korido kidevu juu. Mimi simo kwenye hayo, unanijua.

Mumeo,
Bwana Faili


Hotelini
Tarehe 19 Machi

Mume wangu,

Barua yako ilifika tukiwa chumba cha kufulia. Huku mwenye barua huwa anawasomea wenzake wakati wa kukunja mashuka, kwa sababu barua ni chache na mashuka ni mengi. Niliwasomea ile ya mama na koti. Mama wa kufulia alilazimika kukaa juu ya kapu. Mambo yako mengine niliyaruka, usiwe na wasiwasi.

Lakini mume wangu, maswali hayo! Nilibaki na karatasi mkononi nikijiuliza kama ni wewe umeandika au ni polisi. Tangu lini unajali mashati yanatoka wapi? Hata ya kwako hujui yanatoka kabati gani. Machale yamenicheza kidogo, nikasema hapana, mume wangu amekaa peke yake na mama yake jioni zote, anatafuta cha kuchekea. Basi nakujibu: yalikuwa mashati ya wahudumu wa chumba cha chakula, nao waliobaki bila mashati siku hiyo wakafichwa jikoni. Beji hazikurudishwa. Yangu ninayo.

Kuna jambo jingine, ila hilo sitaliandika. Nitakuambia kwa mdomo nikija likizo, nataka nikuone uso wako. Usianze kukisia, halina ubaya. Meneja mwenyewe ndiye aliyesema nisiharakishe kulitangaza.

Msalimie mama. Mwambie koti nimelivua.

Mkeo,
Bi Mashuka


Nyumbani
Tarehe 2 Aprili

Mke wangu,

Naandika hii nikiwa sina furaha, na sitajifanya ninayo.

Leo imefika idarani barua rasmi kutoka kampuni. Wanalalamika kwamba serikali haitimizi sehemu yake. Hilo ni la kawaida, hulalamika kila mara na sisi hujibu kila mara. Lakini safari hii wameandika, naandika kama walivyoandika wao, kwamba "barabara hii inatengenezwa kwenye picha." Wametaja greda kwenda mbele na kurudi nyuma. Wametaja mpaka mpiga picha kukohoa.

Mkurugenzi aliisoma kwa sauti kwenye kikao. Mimi nilitazama meza. Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika mara moja tu maishani mwangu, kwenye karatasi moja tu, na karatasi hiyo nilimpa dereva wa lori akuletee wewe.

Uliniambia umeyaruka. Sasa niambie uliyarukaje mpaka yakatua mezani kwa Meneja.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Siku hizi barua zako zimejaa Meneja. Meneja katuita, Meneja kasema. Unalo jambo ambalo Meneja analijua na mimi silijui, na ni yeye aliyekuambia usiharakishe. Mimi si mtu wa wivu. Nauliza tu kama mtu yeyote angeuliza. Mama anapumua tu kwa nguvu kila hoteli inapotajwa, na nyumba hii ni ndogo, pumzi zinasikika.

Nijibu haraka.

Mumeo


Hotelini
Tarehe 10 Aprili

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu. Sitakuwa nasoma yoyote pale kufulia tena.

Naanza na kosa langu, kisha nitakuja kwenye la kwako. Sikuyaruka. Nilifika kwenye greda, nikaona linachekesha mno kuliacha, nikasoma. Wanawake wale wanatembea kwenye barabara hiyo wakiwa na watoto mgongoni, walihitaji kucheka kuliko mimi na wewe. Nani kati yao hana kifua, sijui. Pengine hata hakuna aliyekusudia. Mtu alicheka ukumbini, akaulizwa anacheka nini. Nisamehe kwa hilo, na nisamehe pia kwa kukudanganya.

Jambo nililokuficha ni hili. Baada ya wakaguzi kuondoka, likatokea balaa. Ofisi ya serikali inayopokea wageni mjini ilikuwa imewapa watu vyumba, na kampuni ilikuwa imewapa watu wengine vyumba vilevile. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Makundi mawili yakafika mchana mmoja, yamechoka, kila moja na karatasi yake, Meneja yuko safarini. Mapokezi pakawa kama mnadani. Mimi nilikuwa napita na mashuka, beji wenzangu walikuwa wamenibandika tena kwa utani, nimesahau kuivua. Mama mmoja wa makamo akaisoma, akanishika mkono: "Wewe ndiye msaidizi, tusaidie." Ningesema nini? Kwamba ni danganya toto?

Nikafungua lile jengo jipya ambalo bado linasubiri mgeni rasmi wa kukata utepe. Vitanda vilikuwepo, mashuka ninayo mimi. Nikawaita wahudumu wote, mpaka waliokuwa mapumzikoni, na kabla ya jua kuzama watu wote walikuwa wameoga na wanakunywa chai. Meneja aliporudi alikagua chumba baada ya chumba, akihesabu vitanda kwa kidole. Nikajua nimefukuzwa. Alipofika mlangoni akaniambia, "Hiyo beji usiivue."

Tangu siku hiyo asubuhi nakaa ofisini kweli. Najifunza kupanga wageni, kuajiri, kujibu malalamiko. Mchana narudi kwenye mashuka mpaka apatikane wa kushika nafasi yangu. Barua ya cheo ilikuwa itoke mwezi ujao. Nilitaka niingie nyumbani, niiweke beji mezani mbele yako na mama, nisiseme kitu. Hilo ndilo jambo langu na Meneja. Ulilolifikiria wewe libaki huko huko lilikofikiriwa, sitaligusa.

Sasa nisikilize. Juzi Meneja alitukusanya wote, uso umemjaa mikunjo. Idara yenu ina taarifa ya siku ile. Inajua kuhusu mashati ya chumba cha chakula. Inajua kuhusu Mhasibu wa chai. Inajua hata kile kitufe kikubwa cha kompyuta, mume wangu. Wenzangu waliokuwepo wote wanajua, ni kweli, lakini wenzangu hawana mtu idarani. Walinitazama mimi. Mama wa kufulia ndiye pekee aliyetazama pembeni, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.

Nakuuliza kwa utaratibu. Ulimwambia nani?

Mkeo


Nyumbani
Tarehe 17 Aprili

Mke wangu,

Nimeipokea, na nashukuru kwa kunieleza. Yaliyopita tuyaache.

Kuhusu swali lako: sijafungua kinywa changu kwa mtu yeyote. Nashangaa kwamba unaweza hata kuniuliza. Umewahi kufikiria kwamba barua zinafunguliwa njiani? Huyo dereva analipwa na kampuni, anakula kampuni, analala kwenye lori la kampuni. Bahasha yako ya mwisho gundi yake haikunipendeza. Unamjua kiasi gani? Mchunguze.

Hongera kwa hicho cheo, kama kweli kitakuja. Nakuomba tu usikipe moyo wote. Mimi nimekaa na watu wa kampuni kwenye vikao, najua wanavyompaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu akishajua kwamba ukaguzi mwingine uko njiani, atashindwa kukuvika beji na kukuambia ni ya kweli?

Na ukaguzi uko njiani. Kamati ya pamoja inakuja huko tarehe 26, serikali na kampuni meza moja, kuamua kama ubia unaendelea. Mkurugenzi ataiongoza. Utaitwa. Ukiulizwa kuhusu siku ile, sema mlivikwa, basi. Hilo la wageni na jengo jipya na mafunzo usilitaje, litawachanganya watu, na kampuni italitumia kujikosha. Jibu fupi, kisha toka. Niamini katika hili, ni kwa faida yetu sote wawili, nitakueleza siku moja.

Mimi sitakuwa kwenye msafara. Mgongo unanisumbua, na mama hawezi kubaki peke yake.

Mumeo,
Bwana Faili


Hotelini
Tarehe 29 Aprili

Mume wangu,

Mgongo ukoje?

Magari ya wizara yalipofika nilisimama kwenye ngazi na Meneja kuwapokea. Kila mlango uliofunguka nilitazama. Nilijua hutakuwepo, uliniandikia hutakuwepo, lakini nilitazama mpaka mlango wa mwisho. Nilikuwa nimevaa lile koti.

Kabla ya kuingia ukumbini Meneja aliniita pembeni. Alikuwa anajifuta uso kwa leso. Akaniambia barua yangu ya cheo imeshaandikwa, iko kwenye droo yake, na itasainiwa leo hii mbele ya kamati. Ninachotakiwa kusema ni kwamba nafasi yangu ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, tangu siku ile ya wakaguzi. Hakunitisha. Aliomba, na ninamwamini kwamba angesaini. Kwa hiyo mpaka naingia mle ndani nilikuwa na maombi mawili: mwajiri wangu anataka niseme yote yalikuwa kweli, mume wangu anataka niseme yote yalikuwa uongo.

Walikaa serikali upande huu na kampuni upande ule, chupa za maji katikati. Mimi nikapewa kiti mwisho wa meza. Mkurugenzi akafungua taarifa, akaanza kusoma. Ni mtu mwenye sauti nzuri, mkurugenzi wako. Akasoma mashati. Akasoma mpika chai. Akasoma mama wa kufulia na mkono mgongoni. Halafu akasoma: "Msimamizi wa mashuka, alipoulizwa changamoto yake kubwa katika uongozi, alijibu: kiti."

Ukumbi mzima ulicheka. Serikali ilicheka, kampuni ilicheka, hata waleta maji walicheka. Walicheka wakinitazama, nimekaa kwenye kiti.

Maneno yale niliyaandika nikiwa nimejilaza, nimejifunika shuka mpaka kifuani, nacheka peke yangu kwa kukuwazia unavyocheka. Wakati anayasoma nilikuwa najua kila neno kabla halijatoka mdomoni mwake. Hukubadilisha hata nukta. Ndiyo, hukufungua kinywa. Ulichukua kalamu. Na nimeona aibu, mume wangu, aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku nilipokuwa nawavua wageni viatu vya matope.

Kisha Mkurugenzi akasema, kwa wema kabisa, hakujua mimi ni nani wako, kwamba taarifa hii ni kazi ya afisa wake mmoja makini sana, na ndiyo sababu jina lake limependekezwa kukalia kiti chake. Basi nikaelewa kwa nini kila mtu kwenye korido anatembea kidevu juu na wewe peke yako ukaniandikia, "Mimi simo kwenye hayo."

Nikaulizwa: siku ile ulikuwa Msaidizi wa Meneja au hukuwa?

Nikasema sikuwa. Nilivikwa koti asubuhi, nikavuliwa jioni. Upande wa serikali wakaanza kuandika kwa haraka. Nikasema subirini, sijamaliza. Nikasema leo ndimi Msaidizi kweli, na nikawaeleza jinsi ilivyokuwa. Wageni, jengo jipya, asubuhi zote ofisini. Nikasema waulizeni wahudumu, waulizeni wageni, niulizeni hata mimi, swali lolote la kazi hii nijibu. Hakuna aliyeuliza. Upande wa serikali waliacha kuandika, na upande wa kampuni hawakuwa wameanza.

Mtu mmoja wa kampuni akasema jambo la msingi ni kujua nani alitoa siri za ndani kwa serikali. Akasema mtu huyo atajwe. Nikamwona mama wa kufulia mlangoni ameshika trei, macho yamemtoka. Nikasimama.

Nikasema ni mimi. Nilimwandikia mume wangu. Sikuiandikia serikali.

Mkurugenzi alifunga taarifa yake, akaifungua, akaifunga. Nikaambiwa naweza kutoka.

Waliendelea bila mimi mpaka chakula cha mchana, wakala pamoja, na walipotoka walikuwa wanapigana mabegani kwa urafiki. Nimeelewa kilichotokea. Serikali haikutaka kusikia kwamba sasa ni kweli, kwa sababu taarifa yao ingepungua nguvu. Kampuni haikutaka kusikia kwamba wakati ule ilikuwa uongo. Na wote wawili hawakutaka mtu ataje barabara. Wakakutana katikati, na katikati nilikuwepo mimi. Ubia unaendelea. Cheo cha Msaidizi wa Meneja kimesimamishwa mpaka yaandaliwe mafunzo rasmi, na Meneja alinyoosha mkono kuchukua beji bila kunitazama. Ile barua yake iko bado kwenye droo. Nadhani ataichana akiwa peke yake, si mtu mbaya.

Usidhani nilisema kweli ili nikulinde. Ningetaka kukulinda ningekaa kimya kama ulivyoniomba. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nilikuwa nimechoka kuvikwa na kuvuliwa na kila mtu, na wewe ukiwemo.

Dereva nilimtuhumu kwa ajili yako. Nilimsimamisha mbele ya watu pale jikoni, nikamwambia anafungua barua za watu. Aligeuza mifuko yake yote nje. Leo nimekwenda kumwomba radhi mbele ya watu wale wale. Amenisamehe na amekubali kupeleka na hii. Amesema ataibeba kwenye kofia nikitaka, ili nisiwe na shaka.

Nina swali moja, na hili usinijibu kwa mama wala kwa mgongo. Ulipofika kwenye neno "kiti," ulipokuwa unalinakili kutoka kwenye barua yangu kwenda kwenye taarifa yako, mkono ulisita? Hata kidogo? Nikijua ulisita, nitajua pa kuanzia.

Mkeo


Idara ya Maendeleo ya Utalii
Ofisi ya Mkurugenzi
Tarehe 8 Mei

Kwa: Msimamizi wa Mashuka, Hoteli ya Maporomoko
Kuhusu: Ushirikiano wako kwa Kamati ya Pamoja

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Idara inapenda kukushukuru kwa maelezo uliyoyatoa mbele ya Kamati. Unafahamishwa kuwa ushirikiano kati ya serikali na sekta binafsi katika kukuza utalii wa taifa unaendelea kuimarika, na kwamba pande zote mbili zimeridhika na hatua zilizofikiwa.

Aidha, unakumbushwa kuwa mambo yote yanayohusu ubia huu ni ya siri na hayapaswi kuandikwa wala kusomwa kwa watu wasiohusika. Tafadhali saini nakala iliyoambatishwa na uirudishe kwa ofisi hii.

Nakutakia kazi njema.

Kaimu Mkurugenzi

Mama anauliza likizo yako ni lini. Amekitoa kiti chako barazani na hataki mtu akikalie. Nyumba iko kimya sana.


Hotelini
Tarehe 15 Mei

Kwa Kaimu Mkurugenzi,

Barua yako imefika. Nimesaini pale ulipotaka nisaini, na nakala nimempa dereva airudishe.

Nina ombi dogo, maana nimesikia uko naye karibu. Mwambie mume wangu kwamba nilimwuliza swali na bado nasubiri jibu. Mwambie asiliandike.

Aje.

Msimamizi wa Mashuka